Mukeke wa katikati ya ziwa: wavuvi wanamtafuta wapi?

Mukeke, ambaye wenzetu wa Kigoma wanamuita mgebuka, ni samaki wa maji ya wazi. Ni ndugu wa sangala, yule tunayemuita pia kapitene. Samaki wadogo wa mawe hawatoki pembeni, lakini mukeke hana nyumba: anahama na chakula chake, na chakula chake kikubwa ni ndagala. Kwa hiyo muvuvi wa Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba anayetaka mukeke anatafuta kwanza ndagala.

Mbali si chini kabisa

Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1.470 hivi; duniani linapitwa na Baikal tu, kule Urusi. Lakini maji ya juu yenye joto na maji ya chini yenye baridi hayachanganyike vizuri. Oksijeni inafika karibu meta 100 upande wa kaskazini, na karibu meta 200 upande wa kusini. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Hata pale ziwa linapita kilometa moja ya kina, samaki wote wako katika tabaka hilo la juu.

Usiku, taa na mwezi

Mchana ndagala wanashuka. Giza likiingia wanapanda, wakifuata vidudu vidogo vya maji wanavyokula. Ndiyo maana mitumbwi inatoka jioni na taa: mwangaza unakusanya vidudu, ndagala wanakuja, na mukeke anafuata kuwinda. Wavu unakamata ndagala; kamba na ndoano zinamngojea mukeke. Mwezi ukijaa, ziwa lote linaangazwa na taa inapoteza nguvu. Siku hizo wavuvi wengi wanapumzika na kushona nyavu.

Upepo unalisha, upepo unaua

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, maji ya chini yanapanda na kuleta mbolea inayokuza mimea midogo ya maji, chakula cha vile vidudu. Lakini upepo huo huo unainua mawimbi yanayopindua mitumbwi.

Juu ya nini samaki ni haba?

Mwaka wa 2003, watafiti walionyesha kwamba ziwa limeongezeka joto, na maji yanachanganyika kidogo kuliko zamani. Mbolea haipande sana, na tabaka lenye oksijeni linakuwa jembamba. Tena wavuvi wameongezeka katika nchi zote nne za ziwa: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Muvuvi akikosa, anaongeza mafuta na kusonga mbele zaidi. Hilo peke yake halitoshe, kwa sababu katikati kunategemea pia pembeni. Ndagala wachanga wanakaa karibu na pwani, na sangala wadogo wanakulia katika majani ya maji. Kuwakokota kwa chandarua leo ni kumnyima mukeke chakula kesho.

Kabla ya kutoka usiku, angalia upepo, vaa jile ya kuokoa maisha, na uache habari kwa watu wa pwani: unaenda upande gani, na utarudi saa ngapi.