'Sengula Nakupenda': Wimbo wa Kakamega uliotamka mapenzi bila woga

KATIKA hazina ya nyimbo za mapenzi zilizoimbwa kwa Kiswahili na wanamuziki wa Magharibi mwa Kenya, 'Sengula Nakupenda' wake marehemu George Mukabi una nafasi ya pekee. Anwani yenyewe inatoboa siri ambayo vijana wengi wa enzi hiyo waliogopa kuitamka: inamtaja msichana kwa jina, kisha inamwambia anapendwa.

Mukabi alitoka Kisa, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Kakamega. Alifariki mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilijinyakulia uhuru, akiwa angali kijana.

Ujasiri wa wimbo huo hueleweka vyema mtu akizingatia desturi. Miongoni mwa Waluhya, ndoa ilikuwa shughuli ya koo mbili. Ilikuwa mwiko kuoa katika ukoo wa baba au wa mama, kwa hivyo kijana alipaswa kujua nasaba ya msichana kabla moyo haujazama. Yalifuata mazungumzo ya wazee na mahari ya ng'ombe. Aliyetangaza mapenzi mapema alijiweka katika hatari ya kukataliwa hadharani, na fedheha hiyo ingewafikia hata jamaa zake. Lakini kama wasemavyo wahenga, mficha uchi hazai.

Lugha nayo ilichangia. Mukabi alipoimba kwa Kiswahili badala ya Oluluyia pekee, ungamo lake lilivuka mipaka ya Kisa na kueleweka na wasikilizaji wa makabila mengine, mijini na mashambani.

Jambo jingine lililoupa wimbo nguvu ni upigaji wa gita. Mukabi ndiye anayetambuliwa kama mwasisi wa omutibo, mtindo wa gita lisilotumia umeme ambapo kidole gumba hushikilia besi huku kidole cha shahada kikicheza sauti za juu. Mwenzake mpiga gita hugonga na kukwaruza chupa ya soda ya Fanta yenye mikunjo ili kuweka mapigo. Baadaye kundi la Abana ba Nasery la Bunyore, likiongozwa na Shem Tube, liliipa chupa hiyo umaarufu hata nje ya Afrika. Kwa kuwa vyombo ni vichache, hakuna kelele za kuficha sauti ya mwimbaji. Kila neno husikika.

Wimbo huo unaweza kulinganishwa na 'Malaika', uliorekodiwa na Fadhili William na kuenezwa ulimwenguni na Miriam Makeba. Katika 'Malaika', kijana anapenda lakini ukata unamzuia kuoa. Kikwazo chake kimo mfukoni. Kwa Mukabi, hatua inayopewa uzito ni ile inayotangulia mahari na posa, yaani kufungua kinywa.

Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliufuata mtindo wa babake. Mwaka 2017, rekodi za Mukabi zilikusanywa na kutolewa upya ng'ambo katika santuri iitwayo 'Furaha Wenye Gita'.

Zaidi ya nusu karne tangu mtunzi alipoaga dunia, Sengula angali anaitwa kwa jina lake.