DrRacket

DrRacket (hadi mwaka 2010 iliitwa DrScheme) ni mazingira ya kuandikia, kuendeshea na kusahihishia programu za kompyuta katika lugha ya Racket. Ni programu huria inayopatikana bure kwa Windows, macOS na Linux.

Racket ni mojawapo ya lugha za kifankisheni, yaani lugha ambamo programu hujengwa hasa kwa fankisheni: kila moja hupokea thamani na kurudisha thamani nyingine, kama ilivyo katika hisabati.

Historia

DrScheme ilianzishwa katika miaka ya 1990 kwenye Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, na kikundi cha Matthias Felleisen. Miongoni mwa wenzake walikuwa Robert Bruce Findler, Matthew Flatt na Shriram Krishnamurthi. Lengo lao lilikuwa kuwapa wanafunzi wanaoanza chombo kinachowafaa, badala ya vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wataalamu. Mwaka 2001 wanne hao walitoa kitabu *How to Design Programs*, ambacho hutumika pamoja nayo.

Muundo

Dirisha lake lina sehemu mbili. Katika moja mwanafunzi huandika programu. Katika nyingine huuliza swali, kwa mfano `(+ 2 3)`, na kupata jibu papo hapo. Jibu laweza kuwa hata picha. Kuna pia mishale inayounganisha jina na mahali lilipofafanuliwa, na kifaa kinachoonyesha hesabu hatua kwa hatua, kama mwalimu anavyorahisisha mlinganyo ubaoni.

Lugha za kufundishia

DrRacket ina lugha tano za kufundishia, kuanzia ya mwanafunzi mgeni hadi ya aliyeendelea. Umuhimu wake huonekana katika makosa. Tuseme mwanafunzi anataka kuongeza 1 kwenye namba, akaandika:

`(define (ongeza x) x + 1)`

Usahihi ni `(define (ongeza x) (+ x 1))`. Hata hivyo Racket kamili huikubali ile ya kwanza bila kulalamika: husoma `x`, kisha `+`, kisha `1`, na kurudisha cha mwisho. Hivyo `(ongeza 5)` hutoa 1 badala ya 6, na mwanafunzi hajui alipokosea. Lugha ya ngazi ya kwanza huikataa na kueleza kwamba fankisheni inatakiwa kuwa na usemi mmoja tu, huku ikionyesha sehemu zilizozidi.

Kuchagua mazingira

Racket huweza kuandikwa pia katika vihariri vya kawaida kama Emacs na Visual Studio Code, baada ya kuongezewa viendelezi. Vihariri hivyo humfaa anayetumia lugha nyingi kwa pamoja, kwa mfano Racket na Python, kwa kuwa DrRacket imetengenezwa kwa Racket na lugha zilizojengwa juu yake. Lakini huhitaji matayarisho, na anayeanza hulazimika kujifunza kihariri na lugha kwa wakati mmoja.

DrRacket huja pamoja na Racket katika usakinishaji kamili, ikiwa na maelezo yake yote, hivyo huweza kutumika darasani bila intaneti. Kwa sababu hiyo huwafaa zaidi wanaoanza. Anayekwisha kuizoea lugha anaweza kuhamia kihariri kingine bila kubadilisha programu alizoandika katika Racket kamili.