Mwana wa Kazi Gani?

Kijaluo cha Migori na Homa Bay kina kiambishi ambacho mimi hukionea wivu. Mwenyeji wa Migori ni ja-Migori, mvuvi ni jalupo, mwalimu ni japuonj. Kwa ja- hiyo moja mtu anatajwa kwao na kazi yake, kana kwamba vyote viwili ni nyumbani.

Kiswahili kinaweza kujibu kwa mwana-. Tuna mwananchi na mwanakijiji, tukaja na mwanasheria, mwanahabari, mwanajeshi. Mwana ana ukoo: hulelewa, hurithi, na akikosa hukanwa. Lakini kiambishi hiki tumekigawa kwa uchoyo. Mvuvi wa ziwani Mbita tumemwachia m- ya mtendaji tu, yaani avuaye. Siku nyavu zikikaa nchi kavu, jina halina pa kushika. Mwanamaji lingemfaa, ila jeshi limeshalichukua.

Basi napendekeza mwanaziwa. Anayekumbuka kwamba ziwa ni titi pia asicheke, maana ndilo linalomnyonyesha mvuvi.

Wako watakaosema mwana- ni ya wenye taaluma, na uvuvi si taaluma. Wasikilize neno lenyewe: taaluma imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu uliotupa elimu, mwalimu na mtaalamu. Kiini chake ni kujifunza. Cheti na ada ya chama tumevipachika baadaye. Anayejua kwamba omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea majini, na kwamba mbalamwezi ikikolea mavuno hupungua, hayo hakuyaota. Alifunzwa chomboni, pamoja na miiko yake. Hata mawakili na madaktari, wakitaka kutaja wasiyoruhusiwa kutenda, huazima neno hilohilo: miiko ya taaluma.

Neno linaloniudhi ni mchimbaji mdogo. Kule kwenye migodi ya Macalder, Nyatike, linamwangukia mtu mzima mwenye wajukuu. Mdogo ni mgodi, au mtaji. Udogo umehama ukamkalia mwenyewe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imempa nafasi ya kupata kibali, nasi tungempa jina. Nilifikiria mchimbaji wa sururu, lakini wanawake wanaoponda na kuosha mawe wangeachwa nje. Mwanamgodi linawaingiza wote, na halimpimi mtu kimo.

Kisha lipo fundi. Hili lisiguswe. Ni ndugu wa funda, funzo na mwanafunzi, kwa hiyo limebeba ndani yake aliyefunzwa na atakayefunza. Tena ni katika majina machache ya kazi yanayoitika: barabarani Homa Bay ukiita "Fundi!" au "Mwalimu!" mtu atageuka, na mwalimu ataendelea kugeuka hata baada ya kustaafu. Ukiita "Mwanasheria!" hageuki mtu, mwenyewe amezoea kuitwa wakili. Siku hizi vijana wanaounda mashua wanaanza kuona haya kuitwa mafundi, wanataka uhandisi. Mhandisi ni neno zuri, lina hesabu ndani yake, lakini halina mwanafunzi.