Kiraka na Kalafati

Fundi wa jahazi haridhiki kuambiwa kwamba chombo kimetiwa kalafati. Hupitisha kidole chake mwenyewe, mshono kwa mshono, kwani bahari haiulizi nani alisema nini. Naamini kompyuta nazo zinataka tabia hiyo, na historia ya mwaka 2017 ni ushahidi wangu.

Tarehe 14 Machi mwaka huo, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Tundu hilo majasusi wa Marekani walikuwa wakilijua na kulitumia kwa siri. Mwezi uliofuata, zana yao ya kupenyea ikaanikwa hadharani. Ijumaa tarehe 12 Mei, siku 59 baada ya kiraka kutolewa, kikazuka kirusi cha WannaCry, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilifika nchi zaidi ya 150. Uingereza, hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa kwa maelfu. Dawa ilikuwapo tangu Machi. Wengi hawakuwa wameitumia.

Jumatatu yake, katika ofisi moja hapa Chake Chake, tulikuwa na kompyuta nne za Windows 7, zenye alama za wanafunzi wa miaka mingi. Kila mmoja alisema zimeshasasishwa. Tukafungua orodha ya masasisho yaliyowekwa, tukatafuta namba KB4012212 au KB4012215. Mbili zilikuwa nazo. Ya tatu haikuwa nazo, lakini ilikuwa na kifurushi kikuu cha Mei, ambacho hubeba ndani yake viraka vya miezi iliyotangulia. Kwa hiyo ilikuwa salama. Basi kukosekana kwa namba moja si hukumu. Sharti usome orodha nzima na tarehe zake.

Ya nne orodha yake ilikomea mwaka 2015. Na hiyo ndiyo iliyobeba alama nyingi kuliko zote. Tukachomoa waya wa mtandao, tukanakili mafaili, kisha tukaiwekea kiraka kilichopakuliwa kwenye kompyuta nyingine.

Msomaji mwenzangu, alama zile zilikuwa jasho la watoto wa watu, nao hawakujua kwamba usalama wake ulitegemea neno "zimeshasasishwa". Aliyesema neno hilo hakuwa mwongo, alidhani tu. Lakini amana hailindwi kwa dhana.