Punda Alipogeuzwa Ngozi

Wataalamu wa vinasaba wanasema punda alianza kufugwa Afrika, upande wa mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Muda wote huo thamani yake ilikuwa uhai wake: kuteka maji, kubeba kuni, kuvuta mkokoteni. Mjini Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, mpaka leo hubeba mawe na saruji ya kujengea nyumba.

Tangu miaka ya 1960 Kenya ina sheria inayokataza kumpiga mnyama kikatili au kumtwisha mzigo kupita nguvu zake. Ni sheria njema, lakini ilimlenga mwenye fimbo. Mnunuzi asiyehitaji mgongo wa punda hakufikiriwa.

Mnunuzi huyo aliletwa na ejiao, dawa ya asili ya Kichina itokanayo na gundi ya ngozi ya punda iliyochemshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda milioni 11 hivi. Baadaye wakapungua vibaya. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo ufugaji haukuweza kukidhi mahitaji ya viwanda vya ejiao. Macho yakageukia Afrika.

Kenya ilianza kuchinja punda kwa biashara hiyo mwaka 2016. Haukupita muda yakawapo machinjio manne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Tanzania nayo ilikuwa na ya Dodoma na Shinyanga. Hadi mwisho wa 2018, Kenya pekee ilikuwa imechinja punda zaidi ya 300,000.

Wizi ukafuata. Watu waliamka wakakuta zizi tupu, na mzoga uliochunwa ukiwa kichakani. Bei ilikuwa imepanda, mama hakumudu kununua mwingine, akarudi kubeba dumu la maji mgongoni mwake. Wanaosema haki za wanyama ni anasa ya matajiri wangemtazama mama huyu kwanza.

Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri yake. Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Walifanya vyema kuamua kwa pamoja, kwa kuwa biashara hii haikujali mipaka. Punda wa Kenya walipoanza kuadimika, machinjio yake yalilishwa na wengine walioswagwa kutoka Ethiopia na Tanzania kwa njia za panya.