Unataka Kamu Kali Kwa Hilux ya Kitambo? Soma Hii Kabla Utoe Doo

Kila mtaa uko na msee wa hii aina. Ako na Hilux ya kitambo aliachiwa na mzae, imebeba viazi tangu azaliwe, na sasa anataka iamke. Amecheki video mbili tatu, ameona kamshafti ya race, roho imeenda. Kama huyo msee ni wewe, tulia kidogo. Ukichagua vibaya utabaki na pikapu inanguruma poa ikiwa imesimama, lakini ikiwekwa magunia haipandi mlima.

Tunabonga kuhusu 22RE, ile injini ya Toyota ya lita 2.4, silinda nne, iliyokuwa kwa Hilux na 4Runner miaka ya 80 hadi 1995. Kwanza hakikisha yako ni 22RE kweli. Hiyo E inamaanisha mafuta inaingia na injekta. 22R bila E ni ya kabureta, so usinunue kamu juu tu jina inafanana.

Kamu inafanya nini?

Ni chuma iko na matuta, inakaa juu kwa silinda hedi na inazungushwa na cheni. Tuta likipita linasukuma roka, roka inafungua vali. Urefu wa tuta unaamua vali itafunguka kiasi gani. Upana wake unaamua vali itakaa wazi muda gani, na huo muda unapimwa kwa digrii za kranki.

Vali ikikaa wazi sana, injini inapumua fiti ikiwa mbio. Shida ni huku chini. Pistoni ikianza kupanda, vali ya kuingiza hewa bado iko wazi, so hewa ingine inarudishwa ilikotoka. Nguvu ya kuondoa gari na mzigo inapotea. Na 22RE ilitengenezewa mzigo: zile za mwisho za soko la Marekani zilikuwa na torki ya juu kabisa kwa mizunguko 2,800 tu kwa dakika.

Sasa ongeza hii: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Limuru imepita 2,000. Hewa ni nyepesi, injini tayari imepoteza nguvu. Ukitoka Mai Mahiu ukipanda na mzigo, kamu ya race itakuchoma picha.

Kompyuta haijui umebadilisha kitu

Hapa ndio wengi huangukia. Kwa 22RE, hewa inapimwa na kamlango kadogo kanasukumwa ikipita. Kamu kubwa inafanya hewa ipige nyuma na mbele gari ikiwa silensi, kamlango kanatetemeka, na kompyuta inapata habari ya uongo. Matokeo: silensi mbaya, mafuta inaisha haraka, gari inazima kwa jam. Kabureta unaweza kusetia na bisibisi. Kompyuta ya 22RE haikuundwa ubadilishe programu yake hivyo.

Chagua kulingana na kazi

- Mzigo na safari za kila siku: Baki karibu na digrii 260. Kompyuta ya kawaida itaimudu, na nguvu itaongezeka pale unaitumia.
- Rafu na wikendi: Karibu 270 inawezekana, lakini silensi itabadilika, na bomba la eksosi lisiwe limebana.
- Mashindano: Kuanzia 280 kwenda juu, jipange na kompyuta ingine, springi ngumu za vali na kompresheni ya juu. Hiyo ni bajeti ingine kabisa.

Namba zisikuingize box

Kuna digrii za tangazo, na kuna zile zinapimwa tuta likishainuka milimita 1.27. Kamu moja inaweza kuwa na tofauti ya karibu digrii 50 kati ya hizo mbili. So ukilinganisha kamu mbili, uliza kwanza zimepimwa aje. Muuzaji akikosa kukujibu, hama.

Kamu haiendi peke yake

Usirudishe roka zilizoisha juu ya kamu mpya, zitaikula. Springi za vali nazo zipimwe. Na ukishafungua huko mbele, cheki cheni na zile plastiki za kuiongoza. Zinajulikana kwa kuvunjika. Zikivunjika, cheni inasugua kava mpaka maji ya rediata inaingia kwa oil. Hapo ni kwaheri injini.

Siku ya kuwasha, fundi apake matuta ile pasta ya kamu mpya, oil iwe na zinki ya kutosha, halafu injini ishikwe karibu mizunguko 2,000 kwa dakika kama 20. Isiachwe silensi. Mwisho, tapeti zisetiwe injini ikiwa moto: milimita 0.20 upande wa kuingiza, 0.30 upande wa eksosi.

Lakini kabla ya hayo yote, pima kompresheni. Kama silinda moja iko chini, hiyo doo ya kamu peleka huko. Injini imechoka haiamshwi na kamu, inamalizwa. Na hiyo Hilux ya mzae ikienda, hakuna ingine anakuachia.