Mizani ya Mawe

Aitazamaye punje ya chumvi kwa kioo cha kukuzia ataona mchemraba: nyuso sita, kila uso mraba. Aitwae punje nyengine, kubwa au ndogo, umbo litakuwa lile lile. Chumvi haina seremala wala mchongaji, lakini pembe zake zimenyooka. Jiwe lililojipanga namna hii huitwa fuwele, na suali la siri ya mpango wake limewashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya miaka mia nne.

Mnamo 1611, Johannes Kepler, mjuzi wa nyota, aliandika kijitabu kumtunukia rafiki yake zawadi ya mwaka mpya. Humo aliuliza kwa nini chembe ya theluji ina ncha sita, wala si tano au saba. Mwaka 1669 Mdenmaki Nicolas Steno, akiwa Florence, alieleza kuwa fuwele za kwatzi huweza kuwa nene au nyembamba, lakini pembe baina ya nyuso zake hazibadiliki. Umbo lilikuwa na kanuni. Kilichokosekana ni sababu.

Sababu ilitafutwa na padri wa Kifaransa, René-Just Haüy, mtoto wa mfumaji, aliyezaliwa 1743. Husimuliwa kwamba siku moja kipande cha kalisiti kilimponyoka mkononi kikavunjika, naye akaona kila kigae kina umbo moja la msambamba. Akavivunja tena, umbo likabaki. Katika kitabu chake cha 1784 alishikilia kuwa fuwele hujengwa kwa matofali madogo mno, yote ya sura moja, yaliyopangwa safu kwa safu. Mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alitiwa kizuizini pamoja na mapadri wengine, akaokolewa kwa juhudi za mwanafunzi wake, Geoffroy Saint-Hilaire. Mnamo 1912, Max von Laue na wenzake mjini Munich walipitisha miali ya eksirei ndani ya fuwele, na madoa yaliyojitokeza yakathibitisha kuwa ndani yake mna safu zilizopangika.

Kutokana na matofali hayo ilizaliwa sheria. Fuwele huweza kuzungushwa nusu, theluthi, robo au sudusi ya duara na kuonekana kama ilivyokuwa, khumusi hairuhusiwi. Mwashi aelewa kwa nini. Vigae vya mraba au vya pembe sita huijaza sakafu pasi na pengo. Vigae vitatu vya pembe tano zilizo sawa vikikutana huacha ufa wa digrii 36, na cha nne hakiingii.

Sisi wapenzi wa tungo sheria ya aina hii twaijua. Shairi la mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho: ubeti ni tofali, na utenzi mzima ni ukuta. Ndiyo maana Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974, wapo waliosema kuwa utungo usio na vina na mizani si shairi kabisa.

Mawe nayo yalikuwa na ugomvi wao. Tarehe 8 Aprili 1982, Dan Shechtman wa Israel, akifanya utafiti nchini Marekani, alichunguza kwa hadubini ya elektroni mchanganyiko wa aluminiamu na manganizi uliopozwa kwa ghafla. Aliona duara la madoa kumi, lenye ulinganifu ule ule uliokatazwa. Mkuu wa kundi lake alimletea kitabu cha kufundishia akisome, kisha akamtaka ahame kundi. Utafiti ulichapishwa Novemba 1984. Linus Pauling, mshindi wa tuzo mbili za Nobel, aliupinga hadi kufa kwake mwaka 1994. Hata hivyo, mwaka 1992 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa fuwele ilikwishabadili maana ya neno lenyewe, na mwaka 2011 Shechtman akapewa Nobel ya kemia.

Atomu za jiwe lake hufuata kanuni, ila mpango wake haujirudii kama vigae vya sakafu. Mwaka 2007 Peter Lu na Paul Steinhardt walionyesha kuwa mafundi wa Isfahan walikaribia mno mpango huo katika nakshi za jengo la Darb-i Imam, la mwaka 1453.

Ugunduzi huu haukuivunja chumvi. Mchemraba wake ungali mchemraba, na tarbia ingali tarbia. Lakini mshairi huru asishangilie upesi. Jiwe la Shechtman lilipokewa kwa kuwa lilipomulikwa lilitoa madoa makali, yaliyopangika. Kioo hakijirudii pia, na kikimulikwa hutoa ukungu tu. Basi utungo usio na vina nao tuumulike, tuyatafute madoa yake.